Mgeni Aonyeshwe na Mteremko

Mgeni atembezwaye Bangwe huonyeshwa ziwa na machweo ya jua. Twashauri aonyeshwe na mteremko. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki, nyingi zisizopatikana penginepo duniani. Wengi huishi penye mawe ya ukingoni, nayo mawe hayo hufunikwa na udongo uletwao na mvua kutoka vilima vilivyokatwa miti. Mradi wa TACARE, ulioanza mwaka 1994, umewafunza wanavijiji wa Kigoma kuotesha miche na kukinga udongo. Basi bustani za nyumba za wageni na za ofisi za serikali zipandwe miti ya asili, na vijana wa hapa walipwe kuwaeleza watalii kazi yake. Viongozi na watangulie kutembezwa. Yamkini wataona mmomonyoko ukianzia uani kwao.