Roboti Itasema Lugha Gani Nakivale?

Neno letu la leo ni usonji. Sema "mtoto mwenye usonji", wala usiseme "mgonjwa wa usonji", kwani usonji si maradhi ya kuambukiza, wala si pepo. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, naye huishi hivyo maisha yake yote.

Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Hertfordshire kilibuni mwaka 2005 roboti iitwayo Kaspar, yenye kimo cha mtoto na uso usio na mambo mengi. Hutabasamu, hupepesa macho, na hurudia tendo lile lile mara hamsini pasipo kuchoka wala kukasirika. Mtoto anayetatizwa na uso wa binadamu, ambao hubadilika kila nukta, huweza kupata utulivu mbele yake. Siidharau kazi hiyo.

Lakini ikiletwa hapa Kakiika, au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, itasema lugha gani? Mtoto wa Nakivale huweza kusikia Kiswahili kwa mama yake Mkongomani, Kinyarwanda kwa jirani, Kinyankole sokoni na Kiingereza darasani. Roboti ijuayo Kiingereza pekee itamfunza kumsalimu nani? Isitoshe, ajifunzayo mtoto mbele ya mashine si lazima ayatumie mbele ya watu, na watu ndio atakaoishi nao.

Kwa maoni yangu, kishikwambi cha kawaida chafaa zaidi, mradi kiwe na picha za vitu vya nyumbani kwake na sauti ya mama yake mwenyewe. Mtoto asiyesema akigusa picha ya kikombe, sauti ile hutamka: "Nataka maji." Chaji ikiisha (nayo huisha!), kadi zilizochorwa kwa mkono zitatosha. Aidha, Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa wazazi na walezi wa watoto kama hawa. Fedha zianzie hapo.

Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, kisha ikapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Basi mtoto anayefichwa chumbani kwa sababu ya aibu ananyimwa haki yake, awe raia au mkimbizi. Mwulize mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani nawe: ni nani hapa amefunzwa kumpokea mtoto huyu? Asipokuwapo, uliza tena muhula ujao.