Matangazo ya Dominika Yamegeuka Daftari la Madeni



Juma hili naomba tutafakari jambo ambalo wengi wetu hulisikia kila Dominika bila kulifikiria, yaani matangazo. Misa inapokaribia kumalizika, au ibada ya Neno inapofikia mwisho katika kigango ambacho padri hakufika siku hiyo, husimama mtu mwenye karatasi mkononi. Waamini huketi. Kwa dakika kumi, ishirini, na pengine nusu saa, familia ya Mungu husomewa habari zake yenyewe. Swali langu ni hili: husomewa habari gani?

Katika vigango vingi vya nchi yetu karatasi hiyo imebakiwa na habari moja tu, nayo ni fedha. Zaka, tegemeza parokia, tegemeza jimbo, mchango wa ujenzi, mchango wa semina, mchango wa kumpokea mgeni. Jumuiya hii imemaliza, jumuiya ile bado. Mahali pengine hawaishii kwenye majina ya jumuiya, bali husoma majina ya watu: mzee fulani anadaiwa kiasi fulani, mama fulani hajaanza kabisa. Mama huyo ameketi pale pale, kitenge kimefunika kichwa, macho yako sakafuni, na watoto wake wanasikia. Nasema bila kuzungukazunguka: desturi hii ni mbaya, haina msingi katika Injili wala katika Sheria za Kanisa, na inapaswa kukoma.

Ndugu zangu, tuanze na hali halisi ya watu tunaowasomea madeni. Hombolo imo ndani ya Jiji la Dodoma, na Dodoma ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Lakini maisha yetu bado ni ya shamba. Tunalima mtama, uwele, karanga, alizeti na zabibu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na msimu huo ukiharibika hakuna msimu wa pili wa kuurekebisha. Mwenye zabibu naye humsubiri mnunuzi, na mnunuzi akichelewa, zabibu hazingoji ghalani kama mtama. Kwa hiyo mkulima wa huku huwa na fedha miezi michache tu ya mwaka. Mwezi wa Januari na wa Februari, akiba ya mwaka jana inapokwisha na mtama mpya ungali mbichi shambani, hana kitu. Lakini daftari halijui msimu. Daftari linamdai Februari kama linavyomdai Julai, na linamdai mjane sawasawa na mwenye duka.

Hapa Serikali imetutangulia kwa akili. Tangu mwaka 2012, katika mpango wa kunusuru kaya maskini kupitia TASAF, wananchi waliitwa mkutanoni wazitaje wenyewe kaya zilizo duni kabisa, ili zisaidiwe. Majirani walikaa, wakafikiri, wakasema: huyu hana, na huyu hana. Basi yawezekanaje familia ileile ambayo mtaa mzima umekiri kwamba haina kitu, ifike kanisani Dominika na kukuta imepangiwa kiwango kilekile cha mchango kama wengine, kisha jina lake lisomwe kwa kuwa haikufikisha? Mkutano wa mtaa umemtambua maskini, na Kanisa la Kristo limtambue kuwa ni mdaiwa? Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga kiwango hauoni uzito wake, kwa sababu si yeye anayeubeba.

Turudi sasa kwenye asili ya jumuiya zetu. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Walikuwa na sababu. Parokia ilikuwa kubwa mno, padri mmoja alikuwa na vigango vingi vilivyotawanyika, na mwamini aliweza kuishi na kufa bila mchungaji wake kujua. Walitaka familia chache zilizo jirani zikutane, zisome Neno la Mungu, zijuliane hali na kusaidiana. Jumuiya ilikusudiwa iwe jicho la Kanisa katika kila kaya. Mahali pengi leo imegeuka mkono wa Kanisa katika kila mfuko. Kikao cha jumuiya kinaanza kwa sala fupi, Injili inasomwa kwa haraka, kisha daftari linafunguliwa, na hapo ndipo muda wote unapokwenda.

Hebu tuulize ni habari ngapi zinapotea wakati tunasoma madeni. Nani anaumwa na anahitaji Mpako wa Wagonjwa? Nyumba ya nani imeezuliwa na upepo? Ni mama gani amejifungua na hana wa kumtekea maji? Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ni vijana wangapi wa kwetu wameondoka kwenda mjini kubeba zege, na nani anawafuatilia? Ni mzee gani aliyeuza shamba kwa bei ya kutupa, akabaki na kiwanja cha nyumba tu? Chuo cha Serikali za Mitaa kipo hapa hapa Hombolo, na wanafunzi hupanga vyumba katika nyumba za majirani zetu. Jumuiya ipi imebisha hodi kuuliza kama kijana yule ni Mkatoliki, na kama amekula? Hizi ndizo habari za familia. Familia ambayo baba akirudi nyumbani hauliza mtoto gani anaumwa, bali huuliza nani hajalipa, hiyo si familia tena.

Lililo baya kuliko yote ni maziko. Tumesikia, katika majimbo mbalimbali, habari za marehemu ambaye viongozi wa jumuiya walisita kumsindikiza, au waliwaambia wafiwa walipe kwanza malimbikizo ndipo katekista aitwe. Wapendwa, naomba mnisikilize vizuri. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataja wale wanaonyimwa maziko ya Kikanisa, iwapo hawakuonesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioasi imani hadharani, wazushi na wafarakani wanaojulikana, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Na panapokuwa na shaka, anayeulizwa ni Askofu, si mweka hazina wa jumuiya. Katika orodha hiyo hakuna mdaiwa wa mchango. Hayumo!

Tena kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inamtaka daima aangalie kwamba wahitaji hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 inarudia jambo hilo hilo kuhusu maziko: kusiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Hayati Papa Fransisko, katika homilia yake ya Novemba 2014, alikemea parokia zenye orodha za bei za huduma za kiroho, akazihusisha na wale wafanyabiashara ambao Bwana aliwafukuza hekaluni. Basi anayemzuilia maskini jeneza mlangoni kwa sababu ya daftari asijidai kwamba analinda utaratibu wa Kanisa. Utaratibu wa Kanisa ndio huo niliowatajia, naye ameuvunja.

Najua majibu yatakayotolewa, na si haki kuyapuuza.

Wa kwanza atasema: Padri, bila kusoma majina watu hawatoi. Namjibu kwamba aibu hutoa fedha mara moja, kisha hufukuza mtu. Mwangalieni yule aliyesomwa jina mara tatu. Dominika ya nne haji. Jumuiya nayo anaikimbia, kwa sababu huko daftari liko karibu zaidi. Baada ya mwaka mmoja anaandikwa kuwa mtoro, na akifa tunasema hakushiriki jumuiya! Sisi ndio tuliomfundisha kutoshiriki. Kisha tunashangaa anapoonekana katika kikundi cha maombi kule ng'ambo ya barabara, mahali ambapo siku ya kwanza tu walimuuliza jina lake na hali ya watoto wake. Ni kweli kwamba baadhi ya vikundi hivyo navyo humgeukia kwa fedha baadaye. Lakini kwanza walimsalimu.

Wa pili atasema: waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa. Ni kweli kabisa. Kanuni ya 222 inasema hivyo, nami sitaki mtu yeyote aifiche tafakari hii nyuma ya uvivu wake. Katekista wa kigango ana watoto wanaokula. Paa la kanisa halijiezeki lenyewe, na pikipiki ya kwenda kwa wagonjwa haiendeshwi kwa Salamu Maria. Mwenye uwezo asiyetoa anawaibia maskini, kwa sababu mzigo wake huangukia mabega yao. Lakini kanuni hiyo hiyo, katika aya yake ya pili, inawakumbusha waamini wajibu wa kuwasaidia maskini kutokana na mapato yao wenyewe. Hatuwezi kushika aya moja na kuichana nyingine. Mtume Paulo, alipowachangisha Wakorinto kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, aliwaeleza kwamba kipimo ni kile mtu alicho nacho, si kile asicho nacho. Na wahenga wetu walimaliza: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wa tatu atasema: ndivyo tulivyozoea. Jibu lake liko katika Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwauliza wajane wale kama kadi zao zimelipwa. Walibadilisha utaratibu, wakachagua watu saba wenye sifa njema ili wajane wasisahauliwe tena. Kanisa liliunda huduma mpya kwa sababu ya kilio cha maskini. Naye shemasi Laurenti wa Roma, aliyeuawa mwaka 258, kadiri ya mapokeo alipoamriwa na watawala akabidhi hazina ya Kanisa aliwakusanya maskini, akasema hazina ndiyo hiyo. Sisi leo tungewaita wadaiwa sugu.

Basi tufanye nini? Nawapendekezea viongozi wa halmashauri za walei, wa kanda na wa jumuiya mambo manne.

Kwanza, matangazo yaanze na watu: wagonjwa, wafiwa, waliojifungua, waliopatwa na maafa, wageni waliohamia, vijana waliosafiri. Kila jumuiya ilete habari zake kwa maandishi kwa katekista kabla ya Dominika. Fedha zije mwisho, kwa ufupi.

Pili, jina la anayedaiwa lisisomwe hadharani kamwe. Mwenye uwezo anayekwepa aonywe faraghani na ndugu mmoja, kisha wawili, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo sura ya kumi na nane. Asiye na kitu aulizwe swali moja tu: tukusaidie nini?

Tatu, michango ifuate msimu, na mazao yapokelewe kwa heshima. Debe la mtama mwezi wa Juni ni sadaka kamili. Na anayeweza kufyatua matofali au kusomba maji ya ujenzi, kazi yake ihesabiwe.

Nne, tunaposoma kilichopokelewa, tusome pia kilichotumika, shilingi kwa shilingi. Ni ajabu kwamba tunajua kutangaza aliyeshindwa kutoa, lakini ni nadra kutangaza sadaka ya mjane imenunua nini. Watu wakiona matunda ya sadaka yao hutoa bila kusukumwa, na penye siri hata tajiri hufunga mkono.

Juu ya maziko hakuna pendekezo. Mkristo Mkatoliki aliyekufa katika imani yake azikwe na ndugu zake. Jumuiya ije yote, iimbe, ichimbe, ipike, ikae na wafiwa. Daftari libaki nyumbani.

Ndugu zangu, siku ya mwisho Bwana hatasoma orodha ya michango. Tunajua kutoka Mathayo sura ya ishirini na tano atakachouliza: mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, mfungwa, aliye uchi. Hizo ndizo habari anazozitaka, na jumuiya isiyozijua haitakuwa na la kumjibu, hata kama imemaliza michango yote kwa asilimia mia moja.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Ni mimi mtumishi wenu katika Kristo,
Paroko