Sarafu Isiyojulikana Ilipookotwa Ni Bubu

Jioni moja baada ya magharibi, kijana wa mtaani kwetu hapa Mbwajumali alinijia barazani. Hakunionyesha sarafu kwanza, alinionyesha simu. "Ami, hini ni pesa ya kae," akaniambia, "na kuna mtu bara ataka kuinunua laki mbili." Picha ilikuwa ya kisarafu cha shaba, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na maneno ya mnunuzi, matamu kama halua: ni adimu sana, usimwonyeshe mtu, tuma kwanza shilingi 4,500 za kibali na za gari la kuja kuichukua.

Alishatuma. Tangu jana yake. Na nambari ile ikawa haipatikani tena.

Nikamwuliza, umepiga simu huduma kwa wateja? Alikuwa hajapiga, kwa aibu. Nikamwuliza, sarafu yenyewe iko wapi? Akaitoa mfukoni, inang'aa kama kijiko kipya. Alikuwa ameisugua kwa ndimu na mchanga ili picha itoke vizuri, na maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa juu yake yalibaki vijistari viwili vitatu. Nikamwuliza la tatu: uliiokota wapi?

"Huko njia ya shamba, mvua ziliponyesha. Sikumbuki vizuri, Ami."

Basi nitasema maoni yangu wazi, hata kama atanikasirikia akiyasoma. Ile 4,500 ni hasara na inauma. Hiyo ni nauli na unga wa nyumba nzima. Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye hilo jibu la tatu.

Nieleze kwa lugha ya simu, maana hiyo ndiyo tunayoielewa sote. Ukitumiwa pesa, huingia vitu viwili: pesa yenyewe na ujumbe. Ujumbe unasema nani katuma, lini, saa ngapi, kiasi gani, nambari ya muamala. Ukiufuta, kisha mkazozana na mtu, salio peke yake halikusaidii kitu, halisemi limetoka kwa nani. Sarafu iliyolala ardhini ni hivyo hivyo. Udongo ulioizunguka, kigae kilichokuwa kando yake, kina iliyokuwepo, huo ndio ujumbe wake. Ukiichomoa ukaondoka nayo bila kuweka alama, umefuta ujumbe.

Kwa sarafu zetu za pwani jambo hili ni zito zaidi kuliko za watu wengine. Chukua za Kilwa. Upande mmoja lina jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zina vina kama beti za shairi letu. Kupendeza zapendeza, lakini mwaka hazikuandikwa. Masultani nao walirudia majina, Ali, Hasan, Sulaiman. Sasa utajuaje ni ya babu au ya mjukuu?

Jawabu zuri lilipatikana Pemba. Mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, zilitoka ardhini sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vijisarafu vidogo vya watawala wa pwani visivyo na tarehe. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo, zikiwemo za Wafatimiya wa Misri, na hizo zina tarehe. Hakuna iliyopita mwaka 1066. Kwa dinari hizo chache, fedha yote ile ikapata umri wake. Haya, fikiria kama mtu angetangulia akachomoa dhahabu peke yake akaipeleka kwa sonara. Angepata pesa ya mwezi mmoja, na zile 2,000 zingebaki zinakodoa macho tu.

Wala si lazima twende Pemba. Shanga iko kisiwani humu humu. Mark Horton na wenzake walianza kuchimba pale mwaka 1980, na katika tabaka za udongo zenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja wakakuta vijisarafu vya fedha vyenye majina ya Kiislamu. Manda nayo, jirani zetu, mwaka 2013 kikundi cha Chapurukha Kusimba na Sloan Williams kilipata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, ya mfalme Yongle aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424, yule aliyemtuma Zheng He na merikebu zake. Dukani, sarafu kama hiyo si ghali kiasi mnachodhani, zilifuliwa nyingi mno. Imekuwa habari ya dunia kwa sababu imetoka Manda na inajulikana imetoka Manda.

Kisa cha upande wa pili ni cha Australia. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Nne zilikuwa za Kiholanzi, tano za Kilwa. Za Kilwa! Akazitia kwenye kopo zikakaa humo mpaka 1979. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko, na ubishi hauishi, kwa sababu alizokota juu ya mchanga, hazikulala na kitu cha kuzisemea. Simlaumu, kwa kweli. Angalau baadaye alitia alama kwenye ramani. Kijana wetu hana hata hiyo alama.

Nirudi kwa matapeli, maana wanakula kwenye ujinga wetu wa tarehe. Kuna pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar imeandikwa 1299. Mtu anaiona anaruka: miaka mia saba! Hiyo ni 1299 ya Hijria, yaani karibu mwaka 1882. Nzuri, lakini si ya Masultani wa Kilwa, na iko nyingi. (Na neno "pesa" tunalolitumia hadi kwenye simu limetoka hapo hapo, kwenye paisa ya Wahindi.) Kuna na ile reale kubwa ya fedha yenye picha ya malkia Maria Theresa, ambayo bibi zetu waliifanya vipuli na mikufu. Imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa 1780! Malkia alikufa mwaka huo, na wafuaji wakaendelea kuifua kwa tarehe ile ile, Vienna, Roma, London, Bombay, mpaka karne ya 20. Akija mtu kukuuzia reale "ya miaka mia mbili na zaidi" akitaka arubuni kwa simu, muulize imefuliwa wapi. Atakata laini.

Na lililo rahisi kuliko yote: mnunuzi ndiye hulipa. Anayekuomba wewe muuzaji umtumie pesa ili naye akutumie pesa, huyo si mnunuzi, aite kibali, aite gari, aite ushuru. Soma jina linalotokea kabla hujakubali kutuma. Ukishatapeliwa usikae na aibu kama kijana wetu. Piga simu saa ile ile, kila dakika ipitayo pesa inatolewa kwa wakala mwingine.

Sasa wapo watakaosema, mzee wewe mwenyewe unakusanya, unatukataza sisi? Sikatazi. Kasha langu lina ndururu zenye tundu za enzi za mkoloni, ambazo nyanya yangu alizitunga kwenye uzi, lina thumni, lina shilingi za 1921 na zile za kwanza za Kenya za 1966 zenye sura ya Mzee Kenyatta. Hizo ni za kukusanya, kubadilishana, hata kuuza. Lakini Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 imeweka mpaka wake: kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale. Ukikigundua, una siku saba za kuwaarifu Makumbusho ya Taifa na kusema hasa ulikiona wapi. Na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Najua malalamiko. Kutoka hapa kwenda Lamu ni nauli ya mashua na kungojea maji yajae, na makumbusho hawakupi laki mbili. Ni kweli, na mimi naona wanaotunza turathi wangefika huku visiwani mara nyingi zaidi, si kungoja sisi tuwafuate. Lakini wakati tunangoja, simu tunazo. Tuko wakusanyaji wachache, mmoja fundi wa majahazi Kizingitini, mmoja mwalimu mstaafu Siyu, mama mmoja yuko Lamu, na huwa tunatumiana picha. Kanuni zetu si nyingi. Usisugue, hata kwa sabuni. Piga pande zote mbili mchana, weka rula kando, pima uzito kwa sonara. Kabla hujaiinua, piga picha ya mahali penyewe na uache simu ihifadhi eneo. Usiyatangaze mahali hapo kwa kila mtu, la sivyo kesho utakuta mashimo. Asiyejua aseme sijui. Mwalimu wa Siyu ndiye anayesoma Kiarabu cha zamani kuliko sisi sote, na neno analolisema zaidi ni "sijui".

Niliwatumia picha ya kisarafu cha kijana. Kila mmoja akasikitika, kisha mama wa Lamu akatuma shilingi 300 bila kuulizwa, fundi naye, mimi nami, mpaka ikatimia nauli ya kwenda na kurudi. Siku ya tano ilikuwa hiyo. Asubuhi, kabla ya kwenda chomboni, nikamchukua tukafuata ile njia ya shamba pamoja, yeye mbele simu mkononi. Akasimama, akatazama chini, akaenda hatua kumi, akarudi.

"Hapa, Ami," akasema. "Au pale kwenye mkwaju."

Tukapiga picha pote pawili.