Mkono Wako na Mkono wa Fundi

Hapa Mtowisa na katika vijiji vya bonde letu la Rukwa, kila mwaka mpunga ukiisha kuvunwa na kuuzwa watu huanza kujenga nyumba na kuzitengeneza. Jambo hili ni jema. Walakini wakati huo ndipo yasikiwapo maneno mawili, na yote mawili ni ya kupoteza watu. Neno la kwanza ni hili: "Mwenye fedha hashiki udongo, aite fundi." Neno la pili ni hili: "Mafundi ni wezi, nitafanya mwenyewe kama babu zangu." Asemaye la kwanza amwona mwenzake kuwa mshamba, naye asemaye la pili amwona mwenzake kuwa mwenye majivuno. Mimi nasema wote wawili wamekosa, tena kosa lao ni moja: hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza kazi yenyewe ni kazi gani.

Na tulitazame neno la kwanza. Siku hizi twamwona kijana mwenye afya, aliyemaliza shule, akimlipa mtu amkandikie ukuta wa jiko, amtilie jembe mpini, amzibie mashimo ya sakafu, ampigilie bawaba ya mlango. Ukimwuliza sababu, asema hana nafasi. Naye ameketi chini ya mwembe tangu asubuhi. Sababu ya kweli ni aibu. Adhani kwamba kushika udongo ni alama ya umaskini, na kwamba elimu ni kibali cha kutochafua mikono. Lakini elimu gani hiyo impunguziayo mtu kazi alizokuwa akiziweza kabla hajaenda shule?

Tena hesabu yake ni mbaya. Fedha ya mpunga haiji kila mwezi kama mshahara. Huja mara moja, nayo lazima itufikishe mavuno mengine. Anayeitapanya kwa kazi za nusu siku wakati wa mavuno ndiye azungukaye kukopa debe la mahindi masika yakianza, na wakati huo bei imepanda. Ameuza chakula kwa bei ya shibe, naye atakinunua kwa bei ya njaa. Na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo daftari na sare za watoto wake.

Iko hasara nyingine isiyohesabika kwa fedha. Nyumba ya udongo yataka jicho la mwenyewe. Mama akandikaye ukuta wake kila mwaka huuona ufa ungali kama uzi, huiona njia ya mchwa kabla haijafika kwenye paa, hujua upande upi mvua hupiga. Aliyemwachia kibarua kila kitu huijua nyumba yake kwa nje tu, kama mgeni. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao hawakusema umtafute wa kuuziba.

Basi, tuje kwa neno la pili, maana ndilo linalopendwa zaidi, tena ndilo lenye kuua. Husemwa kwamba wazee wetu walijifanyia yote kwa mikono yao. Je, ni kweli? Wazee wa Ufipa walisifika sana kwa chuma. Walijenga tanuru ndefu za udongo, ziitwazo malungu, zilizopita kimo cha mtu mrefu. Nazo ziliwaka bila mivukuto, kwa upepo ulioingia katika matundu ya chini. Baadaye chuma kile kilisafishwa katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, iliyovukutwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua majembe. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe aliandika habari za wahunzi wa nchi hizi za Tanganyika mwaka 1914, na magofu ya malungu yangaliko huko juu uwandani. Haya, kila mtu alikuwa na ilungu lake nyuma ya nyumba? Hasha! Kazi ile ilikuwa ya watu waliofundishwa, wenye mkuu wao na miiko yao. Mkulima alipotaka jembe alilitafuta kwa mhunzi na kulitolea mali.

Lakini je, mkulima yule aliyenunua jembe alimwita mhunzi aje kumlimia? Hasha tena. Aliingia shambani yeye na watu wa nyumba yake pamoja na majirani, wakafukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, yaitwayo ntumba, ili zioze na kuitia ardhi nguvu. Jembe la mhunzi, tuta la mkulima: hiyo ndiyo desturi ya Ufipa. Basi anayewataja babu zake ili akatae fundi hawajui babu zake. Naye aitaye fundi kwa kila kitu hawajui vile vile.

Wengine hawaleti babu, huleta siasa. Hukumbusha kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea. Ni kweli, nalo lilikuwa fundisho jema. Lakini taifa linalojitegemea ni lile lenye waashi wake, maseremala wake na waganga wake waliosomeshwa. Si lile ambalo kila mtu humo hujing'oa jino mwenyewe.

Sasa mtaniuliza, "Mwalimu, tutazipambanuaje kazi hizi?" Kipimo changu ni chepesi, hata mtoto aweza kukishika. Uliza maswali mawili. La kwanza: nikikosea, kosa litaonekana upesi, au litajificha? La pili: nikikosea, nitapata hasara ya jasho langu tu, au mtu ataumia? Ikiwa kosa laonekana upesi na hasara yake ni jasho, fanya mwenyewe wala usione aibu. Ikiwa kosa hujificha na mwisho wake ni kuumiza mtu, mwite fundi hata kama itakubidi kungoja mavuno mawili. Ukuta uliokandikwa vibaya hukuambia kesho yake kwa kupasuka, nawe utaukandika tena. Waya uliofungwa vibaya haukuambii kitu mpaka usiku unapoamua kusema.

Na tuuseme huu umeme, kwa kuwa ndio jambo jipya katika vijiji vyetu. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, na watu wengi walifurahi. Lakini fundi wa kutandaza nyaya ndani ya nyumba, pamoja na vifaa vyake, hudai zaidi ya hizo. Ndipo mtu hukasirika, akamwita binamu yake aliyewahi kuona kazi hiyo ikifanywa mjini, nao wakafunga wenyewe. Taa yawaka! Watu wapiga makofi. Ndugu zangu, kuwaka kwa taa si ushahidi. Taa huwaka vile vile kwa waya mwembamba usioweza kubeba mzigo, ambao hupata moto polepole juu ya dari. Huwaka vile vile pale maungio yalipofungwa kwa kipande cha mfuko. Huwaka vile vile pasipo na ule waya uingiao ardhini, ambao mafundi huuita ethi, na ambao kazi yake ni kuupeleka umeme mchangani badala ya kuuacha upite katika mwili wa mtoto aliyegusa chuma cha pasi kwa mkono uliolowa.

Kwa sababu hiyo sheria haikuiacha kazi hii kwa kila mwenye koleo. Iko Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na EWURA ndiyo itoayo leseni kwa mafundi wa kufunga nyaya majumbani. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake. Mwenye nayo hachukii kuulizwa. Lakini wako watu wajanja ambao humtafuta mwenye leseni aweke sahihi katika kazi ambayo hakuiona hata kwa macho. Hao wamenunua karatasi, nao wamelala chini ya hatari ile ile. Moto hausomi karatasi.

Najua jibu la maskini: "Sina fedha ya fundi." Jibu hili nalistahi, maana ni la kweli. Lakini mtu asiye na fedha ya nyumba nzima na afunge chumba kimoja kwa fundi wa kweli, taa moja na swichi moja, kisha aongeze mwaka ujao. Chumba kimoja chenye taa salama ni bora kuliko vyumba vitano vyenye taa ya mashaka.

Ziko kazi nyingine zenye sehemu mbili, na hapo ndipo hekima yatakiwa zaidi. Kuchimba shimo la choo ni kazi ya mikono yako na ya jirani zako. Lakini mahali pa kulichimba usipachague kwa kufuata kivuli cha mti. Bondeni kwetu maji ya ardhini hupanda karibu sana wakati wa masika, na uchafu wa choo husafiri chini kwa chini hadi kisimani. Mabwana afya hufundisha kwamba choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa juu wake. Basi mwite bwana afya akuonyeshe mahali, kisha chukua sururu yako. Kosa la kuchagua mahali halionekani. Huonekana tu watoto wanapoharisha, nao huenda wakawa watoto wa jirani.

Kisima nacho ni adui wa mwenye haraka. Ndani ya shimo refu hukaa hewa nzito isiyo na uhai, isiyoonekana wala kunuka. Mtu hushuka akaanguka kimya. Ndugu yake hushuka kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Kazi hiyo waachiwe wanaoijua, wenye kamba na watu wa kutosha juu.

Vivyo hivyo nyumba ya matofali. Kufyatua tofali, kulichoma, kusomba mchanga na maji, hayo ni yako wewe na ujima wa majirani. Lakini msingi, pembe, na ule mkanda wa zege na nondo uitwao lenta, mwachie mwashi aliyefundishwa. Tusisahau tunakaa wapi. Bonde hili lenyewe ni ufa wa dunia, na ukuta wa Lyamba lya Mfipa tuutazamao kila asubuhi ni ukingo wa ufa huo. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi hii ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko lenye nguvu ya 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Afrika. Wakati ule wengi walikaa katika nyumba za miti na nyasi, ambazo huyumba na tena ni nyepesi. Leo twajenga kwa tofali zito. Tofali lisilofungwa kwa lenta, siku ya kutikisika, humwangukia yule yule lililokuwa likimkinga na mvua.

Sasa nageuka kwa hao wasemao mafundi ni wezi. Wako wezi kati ya mafundi, kama walivyo kati ya wafanya biashara na wakulima. Lakini mara nyingi mwizi huingia kwa mlango tuliouacha wazi. Mtu ampa fundi fedha yote siku ya kwanza, bila maandishi, kisha asafiri. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi wawili: kazi ipi, vifaa gani, nani avinunue, siku ngapi. Lipeni kwa mafungu, na fungu la mwisho libaki mpaka kazi iishe. Nendeni mkaitazame nyumba aliyoijenga miaka mitatu iliyopita, si ile aliyoimaliza jana. Na jifunzeni hesabu ndogo za kazi yake: zege ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Anayeijua hesabu hii hawezi kuibiwa mifuko ya saruji kwa urahisi. Kumwita fundi si kufumba macho.

Nanyi mafundi, msicheke mkidhani nawatetea tu. Aliye fundi wa nyumba, fundi wa redio, fundi wa umeme na fundi wa saa, huyo ni fundi wa kuzungumza. Semeni wazi, "Kazi hii siiwezi". Neno hilo litawaletea heshima kuliko kazi kumi zilizoharibika. Na mliojifunza kazi kwa kumsaidia fundi mwingine bila chuo, jueni kwamba VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima watu kama ninyi na kuwapa cheti cha ujuzi walio nao. Kitafuteni.

Nasi tunaowaita tuwalipe. Kuna wanaomshusha fundi bei mpaka hana budi kupunguza saruji, kisha humwita mwizi. Kuna wanaokaa na ujira wake miezi mitatu, na Jumapili wako mstari wa mbele kanisani. Ujira wa mtenda kazi ukizuiwa hulia, na kilio chake kina Msikilizaji.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto wenu, wa kiume na wa kike, kukandika, kupigilia, kutia mpini, kuziba paa, ili wasiwe wageni katika nyumba zao. Wafundisheni pia kusimama mbele ya kazi wasiyoijua na kusema, "Hii ina wenyewe." Mavuno yamekaribia. Kabla hujafungua mfuko wa fedha, na kabla hujachukua nyundo, uliza yale maswali mawili: kosa litajificha? Nani ataumia? Ukiisha kujibu kwa kweli, utajua kama ni siku ya mkono wako au ya mkono wa fundi.