Fedha ya Kusomesha Mafundi Itoke Mfuko wa Wote



Mkutano Mkuu wa ushirika wetu umekaribia, na jambo kubwa mezani ni ziada ya msimu huu. Wapo wanaosema tugawane yote. Wapo wanaosema yote iende kwenye madarasa mawili mapya. Sisi tunasema hivi: kabla ya tofali la kwanza, fedha hiyo isomeshe mafundi.

Tuanze na ghala letu. Tulilijenga kwa nguvu zetu wenyewe na tunajivunia. Lakini tusidanganyane. Matofali yake tuliyachoma, na tanuri lilikula magogo tela kwa tela kutoka kilimani. Leo akina mama wanaofuata kuni huko wanatoka alfajiri na kurudi jua la utosi. Na ghala lenyewe je? Madirisha yamewekwa upande mmoja tu, upande wa jua la jioni. Bati likishika moto, ndani ni kama chungu kilichofunikwa. Mahindi yalitoka jasho, magunia ya chini yakaota ukungu. Fundi hatumlaumu. Alijenga kama alivyoona wenzake wanajenga, wala hakuna aliyemfundisha vingine. Kosa ni letu, tuliotoa fedha ya tofali na bati tusitoe hata senti moja ya maarifa.

Shuleni ni hivyo hivyo. Ikifika saa saba mchana mwalimu huwatoa watoto na kuwafundishia chini ya mwembe. Sasa tujiulize: tutakata miti mingine tuchome matofali, ili tujenge darasa litakalowarudisha watoto chini ya mti?

Jengo la kupoa halihitaji umeme. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni. Madirisha yatazamane, upepo uingie huku utokee kule. Paa litokeze nje likinge ukuta, na chini ya bati kuwe na dari. Mambo haya mengi ni ya kupanga tu kabla ya kuchimba msingi. Msingi ukishachimbwa vibaya, basi tena.

Na tofali lisilochomwa lipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioundwa mwaka 2001 kutokana na kitengo cha utafiti kilichoanza mwaka 1971, umeeneza nchini tofali za kufungamana. Ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kiasi cha sehemu 5 hadi 10 katika 100, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Haliingii motoni. Kwa kuwa linashikana na mwenzake, halitaki udongo mwingi wa kujengea. Lakini wapi, halitaki mzaha! Udongo mweusi wa mbugani haufai, maana hupasuka ukikauka. Lazima udongo upimwe kwanza. Tofali likishatoka liwekwe kivulini, lifunikwe na kumwagiwa maji siku kadhaa, siyo kuanikwa juani kama dagaa. Fundi asiyefundishwa atatoa tofali la kubomoka, halafu watu waseme teknolojia hii ni ya uongo.

Ndiyo maana tunasema masharti peke yake hayatoshi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na zipo sauti kwamba tupige marufuku tofali la kuchoma kwenye majengo ya umma. Tunaunga mkono. Lakini marufuku bila mafundi ni karatasi ya kubandika ukutani. Wa kwanza kuivunja tutakuwa sisi wenyewe viongozi, kwa sababu hatutakuwa na mtu wa kutujengea kwa njia nyingine.

Yupo anayeuliza: kwa nini fundi asijilipie ada yake? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba ada hiyo atairudisha kwa mwenye nyumba, na asiye na kitu atabaki na tanuri. Tena kilima kikibaki na miti, anayefaidi siyo fundi peke yake, ni sisi sote. Faida ikiwa ya wote, gharama nayo iwe ya wote. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, hakuna aliyesema kila asiyejua kusoma atafute mwalimu wake. Sisi wengine tulioshika kalamu ukubwani tusingekuwa tunaandika gazeti hili.

Wengine wanahofu vijana wakishasomeshwa watakimbilia mjini. Hofu hiyo ina mashiko. Basi tuandikiane: kila fundi tutakayemsomesha afundishe wawili hapa hapa kijijini, kwenye ujenzi wa madarasa, kabla ya kuchukua kazi ya nje.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, kwa mpango huu:

1. Sehemu ya ziada ilipie mafunzo ya mafundi wanne, wawili wao wanawake.

2. Kikundi cha vijana na kikundi cha akina mama waombe mkopo wa mashine. Kwa sheria ya mwaka 2018 halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, mkopo usio na riba: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ieleweke ni mkopo, siyo zawadi. Unarudishwa.

3. Mafundi wakisharudi, ndipo Halmashauri ya Kijiji ilete sheria ndogo mbele ya mkutano wa kijiji, kisha ipelekwe wilayani kuidhinishwa.

Madarasa yatachelewa kidogo, hatufichi. Lakini ghala limetufundisha kwamba jengo la haraka tunalilipia kila msimu. Njooni mkutanini, waume kwa wake, mseme. Asiyekuja asije akalalamika kilabuni.

Ushirika ni nguvu.