Grisi Mkononi, Oksijeni Mtungini
Kila nipitapo Gerezani, Dar es Salaam, hutazama kwanza mikono ya mafundi wanaochomelea kwa gesi. Ina grisi, na ndiyo hiyo hiyo inayofungua mtungi wa oksijeni. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini ikitoka kwa presha kubwa ikakutana na mafuta, mafuta hayo yanaweza kulipuka bila hata njiti ya kiberiti. Koki ikikaza, basi, usiitie mafuta kamwe. Mrudishie muuzaji mtungi wake. Asetilini nayo ina tabia yake: mtungini imeyeyushwa ndani ya asetoni, hivyo mtungi ukilazwa, asetoni hutoka pamoja na gesi. Usimamishwe na ufungwe mnyororo, na presha ya kwenye mpira isizidi baa 1, kwani ikizidi sana gesi hiyo huweza kulipuka yenyewe. Maungio yapakwe maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, yanavuja. Kinachoniuma zaidi ni kile kifaa kidogo cha kuzuia moto usirudi mtungini. Nimeona karakana zisizokifunga ili kuokoa pesa, na aliyeinama mbele ya moto ni kijana anayejifunza kazi, hana miwani, miguuni kavaa kandambili.