Picha Isafiri, Mgonjwa Abaki Kigoma

Wanakampasi wenzangu, tuambizane. Mzee wa Kibondo anabanwa kifua kila akipanda mlima kwenda shambani. Akipumzika, kinaachia. Mtaani ataambiwa ni vidonda vya tumbo, au eti karogwa. Kumbe hiyo ni dalili kubwa ya kubana kwa mishipa inayolisha moyo.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkononi au wa pajani hadi moyoni. Wengi hukifuata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa reli, kutoka Kigoma mjini tu ni zaidi ya kilomita 1,200. Mzee bado hajatoka Kibondo.

CT-Scan inaweza kumpunguzia safari hiyo. Anachomwa dawa ya rangi, mashine inapiga picha kwa kufuata mapigo ya moyo, na mishipa inaonekana bila mrija. Ila kuona mshipa umebana si kujua kama damu inapita ya kutosha. Hapo kompyuta inatumia picha hizohizo kukadiria presha ya damu kabla na baada ya sehemu iliyobana. Uwiano ukiwa 0.80 au chini, moyo huenda unakosa damu. Ukiwa juu ya hapo, wengi hutosheka na dawa, na safari ya Dar haina sababu. Uingereza ilipendekeza kipimo hiki mwaka 2017.

Najua utasema: Kasulu watu wanahangaikia vipimo vya kawaida, wewe unaleta habari za kompyuta! Lakini hesabu hii haihitaji kufanyika Kasulu. Picha inasafiri kwa intaneti. Kinachotakiwa karibu ni tabibu anayemsikiliza mgonjwa, kipimo cha umeme wa moyo, na CT-Scan ya mkoa inayoweza kupiga picha ya moyo.

Mkopo wa IMF wa 2021 ulinunua CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Vizuri. Ila si kila CT-Scan inafaa kwa moyo, kwa sababu moyo hautulii kama kichwa. Basi tusiishie kuhesabu mashine. Tuulize: inaweza kupima nini, nani amesomea kuitumia, na bima italipa?

Wa udaktari, wa mionzi na wa kompyuta, hiyo ni kazi yetu. Mada za utafiti wa mwaka wa mwisho zinatafutwa kila siku. Hii hapa moja.